Mwaka Sekela Alipopimwa Hasira

Kama una mtoto ambaye mtaa umeshampa jina baya, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari wala mwalimu. Nauza vitenge soko la Kyela mjini, na vingi nakwenda kuvichukua Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, kwa ndugu wa mama yangu. Ninachokijua ni kile kilichotupata nyumbani kwetu Busale tangu binti yangu Sekela alipoanza shule mpaka alipoingia darasa la tatu. Yaliyo mabaya zaidi yamepita, ndiyo maana leo naweza kuyasimulia bila sauti kunikatika.

Sekela ni mtoto wetu wa kwanza. Kwa Kinyakyusa jina hilo ni la furaha, na miaka yake ya mwanzo lilimkaa vizuri. Alikuwa mtoto wa kucheka hata na kuku. Alipofikisha miaka mitano, baada ya mdogo wake kuzaliwa, kitu kilibadilika, wala siwezi kukwambia ni siku gani. Watoto wote hukasirika. Nimekua na dada watano na kelele za watoto nazijua. Hii ilikuwa nyingine. Ungemwambia tu kwamba leo hatuli wali, tunakula ndizi, na uso ungebadilika kabla hajatoa sauti. Midomo ingepauka, mabega yangepanda mpaka masikioni. Ndipo kingekuja kilio, na kujitupa chini, na kugonga kichwa ukutani, na kujing'ata mkono mpaka damu. Alilia hadi akatapika. Baada ya hapo alilala kama mtu aliyetoka kwenye homa, na akiamka alikuwa amesahau nusu ya aliyoyafanya, ila aliyaona macho yetu na akajua.

Kufikia darasa la kwanza, mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za meno yake mwenyewe, mpya juu ya za zamani. Alianza kujing'oa nywele juu ya sikio la kushoto mpaka pakawa peupe. Alirudia kukojoa kitandani. Alikonda, nami nikakonda pamoja naye, sketi zangu nikawa nazifunga kwa pini. Mume wangu, Ambakisye, ni mkulima wa kakao. Kilio kikianza tu, yeye aliinuka akaenda kugeuza mbegu zake kwenye vichanja, hata kama alikuwa amezigeuza sasa hivi. Nilimchukia kwa hilo. Sikujua anakimbia nini.

Na jambo hili nitalisema mapema, nisije nikaonekana mtakatifu mbele ya safari. Nilikuwa nampiga Sekela. Nilimpiga kwa kandambili, nilimpiga kwa mwiko, na siku moja nilimpiga kwa fimbo ya mti wa kahawa ambayo ilimwachia mistari kwenye shavu la mguu. Niliamini kwamba hasira ni kama nyoka, ukimwahi kichwani amekwisha. Nilimwahi kila siku na hakwisha.

Mwaka ule, watu wakiwa katika kupandikiza mpunga, shule iliita wazazi wa darasa la kwanza na la pili. Tulienda na matope miguuni. Aliyetupokea alikuwa Mwalimu Zuhura, binti mdogo kutoka Tanga, ana hijabu ya kijani na sauti ya taratibu ambayo wazee wetu walikuwa wanaiga wakicheka. Alikuwa na darasa la watoto zaidi ya themanini. Alitugawia karatasi.

"Karatasi hii ni ya kila mtoto," alisema, "si ya mtoto fulani. Wenzetu wa afya wilayani wanataka kujua ni watoto gani wanaoshindwa kuituliza mioyo yao, wakikasirika au wakiogopa au wakiwa na huzuni, ili wasaidiwe wakiwa bado wadogo. Mtajibu kamwe, wakati mwingine, au mara nyingi."

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu, siku hizi hasira nazo zinapimwa? Kwa mizani gani?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akajibu, "Kwa macho ya anayeishi na mtoto, mzee wangu. Mimi sina mizani nyingine, ndiyo maana nimewaita ninyi."

Nilikaa na kalamu yangu. Swali la kwanza liliuliza kama mtoto hukasirika kwa jambo dogo. Nikaweka alama kwenye kamwe. Je, hujiumiza? Kamwe. Je, anapokosea unamwadhibu vipi? Nikaandika, namwonya. Nilijibu karatasi nzima kama mtu anayejaza fomu ya mpakani huku ana mzigo asiotaka uonekane. Niliogopa neno moja tu, kichaa, neno ambalo wangelitumia kijijini kama ningesema kweli. Nilirudi shambani, na siku ile nilipandikiza haraka kuliko wote.

Baada ya siku chache Mwalimu Zuhura alikuja mezani kwangu sokoni, siku ya Jumamosi, jua kali. Alinisalimia kwa Kinyakyusa alichokuwa anajifunza, akasema ugonile kwa lafudhi ya Tanga, na wauza usipa, dagaa wa ziwa letu, wa meza ya jirani wakamwitikia kwa furaha. Halafu akasema taratibu, ili nisikie peke yangu:

"Mama Sekela, na mimi nilijaza karatasi kuhusu Sekela. Yangu na yako zinazungumzia watoto wawili."

Akatoa daftari la mistari, lile la kawaida la wanafunzi. Ndani alikuwa ameandika kila mara Sekela aliposhindwa kujizuia darasani: siku gani, saa ngapi, nini kilitangulia, alitulia baada ya muda gani, na nini kilimtuliza. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Leo nikilikumbuka daftari lile najiambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtazama mwanangu kwa makini vile, mimi nikiwemo. Lakini siku ile sikuona hivyo. Niliona mashtaka.

"Mwalimu," nikamuuliza, "wewe una watoto?"

"Sina."

"Basi."

Niligeuka nikaanza kukunja vitenge ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Mwalimu akasema, "Hospitali ya wilaya kuna nesi anayewaona watoto kama yeye kila Alhamisi. Nitakuja tena kukukumbusha." Akaenda zake. Alikuja tena mara mbili, na mara zote mbili nilijifanya nina wateja.

Kilichonishusha kiburi kilitokea masika yalipokolea. Asubuhi moja maji ya mvua yaliingia darasani kwao kupitia paa, wakahamishwa ghafla kwenda kwenye darasa la wakubwa. Katika kusukumana, mwenzake aitwaye Neema alimrukia Sekela mgongoni kwa mchezo tu, kama watoto wanavyorukiana. Sekela aligeuka, akaokota kipande cha tofali, akampiga nacho. Kilimpata Neema juu ya nyusi. Alishonwa nyuzi tatu, na mganga wa zahanati alisema kingeshuka kidogo tu, jicho lisingekuwepo.

Kamati ya shule ilikaa siku iliyofuata. Mimi na Ambakisye tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nilitegemea matusi kutoka kwa baba yake Neema, na nilikuwa nimeandaa yangu. Lakini yule baba aliongea polepole.

"Sina ugomvi na mtoto," alisema. "Nina ugomvi na kesho. Leo ni nyusi, kesho ni jicho. Naomba mtoto huyu atafutiwe mahali pengine."

Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Nilimtazama mume wangu aseme kitu. Alikuwa anatazama miguu yake. Ndipo Mwalimu Zuhura akasimama akiwa na lile daftari.

Nimeshawaona watu wakubwa wakiongea mbele ya umati, wakuu wa wilaya na wachungaji. Sijamwona aliyeongea kama binti yule, mgeni katika mkoa wetu, mbele ya wazee ambao baadhi yao walimwita mtoto. Hakupandisha sauti.

"Nimeandika mara kumi na saba Sekela alipolipuka darasani," alisema. "Hakuna hata mara moja ambayo hasira imekuja bila kuwa na mlango. Milango nimeiona minne. Akiwa na njaa. Pakiwa na kelele nyingi. Akibadilishiwa jambo ghafla. Na akishikwa kwa nyuma. Jana asubuhi ilifunguliwa mitatu kwa pamoja, na mimi nilikuwa nahamisha madawati, sikumwona. Kosa hilo ni langu. Baba Neema, naomba radhi kwako."

Akafunga daftari.

"Mimi ndiye ninayekaa naye toka asubuhi mpaka mchana. Kama yupo wa kumchoka, ni mimi. Na mimi sijamchoka. Nipeni mpaka mavuno. Wazazi wampeleke hospitali, mimi niilinde milango. Mavuno yakifika na hakuna mabadiliko, nitaandika barua ya uhamisho kwa mkono wangu."

Baba Neema ndiye aliyejibu kwanza. "Mpaka mavuno," akasema. Mkutano ukaishia hapo. Nilitoka nje nikamkuta Mwalimu anafunga madirisha kwa mvua iliyokuwa inakuja. Nilitaka kuomba msamaha kwa yale ya sokoni, nikaishia kusema ndaga fijo, asante sana kwa lugha yetu. Akasema, "Alhamisi, mama. Saa mbili asubuhi."

Basi nikaijua Alhamisi. Wewe unayeanza leo, utaijua siku yako, na nakushauri ubebe chakula. Benchi la kusubiri lilikuwa kwenye korido ndefu, ukuta wa rangi ya maziwa hadi kiunoni umechubuliwa na migongo ya watu. Tulikaa na wenye kifafa na wazee waliosahau majina ya watoto wao, na msichana mmoja aliyekuwa anaimba wimbo mmoja tu kwa sauti ya chini. Alhamisi ya kwanza nilimficha Sekela nyuma yangu nisionwe na mtu wa Busale. Mzee mmoja, ambaye mkewe alisema kwamba mumewe husikia sauti za watu wasiokuwepo, aliinuka akampisha Sekela kiti na kumwambia, "Kaa hapa mjukuu, upepo wa dirisha unafika." Nilijisikia vibaya kwa kuwaogopa watu wale. Kufikia Alhamisi ya nne tulikuwa tunagawana maandazi.

Nesi wetu aliitwa Upendo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha puani. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuvua viatu na kukaa kwenye mkeka pamoja na Sekela, wakapanga vizibo vya soda. Alimwacha mtoto amtazame mpaka achoke kumtazama. Halafu akarudi kwangu na karatasi ileile ya shule, swali kwa swali. Tulipofika kwenye adhabu nikasema, "Namwonya."

Nesi Upendo aliutazama mguu wa Sekela, ile mistari. Hakukunja uso.

"Mama Sekela," akasema, "mimi nina wanne nyumbani. Jibu swali ninalouliza, usijibu lile unaloliogopa."

Nililia. Nililia mbele ya mwanangu, na Sekela akaacha vizibo akaja akasimama mbele yangu, hakujua afanye nini na mikono yake. Nikasema yote, mwiko na fimbo na kandambili. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akanipima presha, akaikuta juu. "Mnaumwa wawili," akasema. "Tutawatibu wawili. Lakini fimbo inabaki nje ya mlango huo, kuanzia leo. Tumeelewana?" Nikamwambia tumeelewana.

Alituandikia kwenda Mbeya, hospitali ya rufaa, kwa daktari wa watoto. Huko walimwangalia masikio na damu, wakampima kichwa kuona kama ni kifafa. Haikuwa kifafa. Daktari alisema hatutaanza na dawa, tutaanza na watu, na turudi kila baada ya miezi mitatu. Sikuelewa maana ya kuanza na watu mpaka nilipowaona wanafanya kazi.

Nesi Upendo alikuwa na mchoro wa ngazi wa kumfundisha mtoto kusema hasira yake imepanda kiasi gani. Sekela hakuutaka ule mchoro. Aliutazama Alhamisi mbili, ya tatu akausukuma pembeni na kusema, "Siyo ngazi. Ni maji." Akasimama, akaonyesha kifundo cha mguu. "Hapa ninaweza kucheza." Akaonyesha goti. "Hapa sitaki mtu." Akaonyesha kifua, kisha shingo. "Hapa siwasikii." Mtoto wa miaka saba. Nyumba yetu imewahi kuingia mafuriko kama nyumba nyingi za Kyela, na yeye alikuwa ametafuta ndani mwake akapata kipimo chake mwenyewe. Nesi aliutoa ule mchoro ukutani. "Basi ni maji," akasema. "Sisi kazi yetu ni kukuuliza yakiwa bado kwenye goti."

Ndivyo tulivyofanya. Nyumbani nilimuuliza, "Sekela, maji yamefika wapi?" Mara ya kwanza alinipiga teke. Mara ya kumi alionyesha paja. Tukiona paja, tunaacha kila kitu, tunatoka nje, namsemesha kwa sauti ya chini au simsemeshi kabisa. Na jioni namwambia mapema yatakayotokea kesho, hata yale madogo: kesho ni ndizi, kesho kutwa nakwenda Karonga, nitarudi jua likiwa bado lipo. Nikichelewa, nampigia simu baba yake amwambie. Siku nyingine mkono wangu uliinuka wenyewe. Niliushusha. Siku mbili sikuuwahi, nikampiga kofi, na Alhamisi iliyofuata nikamwambia Nesi. Hakunipongeza wala kunigombeza, aliuliza tu maji yangu mimi yalikuwa yamefika wapi. Nikaonyesha shingo.

Katikati ya haya yote likaja la mama mkwe. Bibi, mama yake Ambakisye, anaishi boma moja na sisi. Kwake yeye hospitali ilikuwa ya malaria, na hili la Sekela lilikuwa na asili nyingine. Siku moja nikiwa Karonga alimchukua mtoto akampeleka kwa mganga wa kienyeji. Niliporudi nilikuta chale mpya kifuani kwa Sekela, zimepakwa dawa nyeusi, na mtoto maji yako juu ya kichwa. Niliyomwambia mama mkwe siku ile sitayaandika. Hatukusemeshana hadi mpunga ulipoanza kuchanua. Alipika kwake, nikapika kwangu, na Ambakisye akala kote kuwili bila kufurahia popote.

Nilimweleza Nesi Upendo, nikitegemea anitetee. Akasema, "Mlete bibi."

"Hatakuja."

"Mwambie namhitaji. Mwambie hivyohivyo, namhitaji."

Alikuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye lile benchi toka asubuhi bila kuegemea ukuta. Tulipoitwa, Nesi alimsalimia kwa Kinyakyusa kwa magoti, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, na hakumuuliza habari za mganga hata kidogo. Alimuuliza, "Mama, wewe umelea watoto wangapi?"

"Saba."

"Katika hao saba, hukuwa na aliyekuwa na moto kama wa huyu?"

Nje msichana yule wa wimbo alikuwa anaimba. Bibi alijibu akiutazama mlango.

"Gwakisa. Wa tatu. Alikuwa hivihivi, midomo inapauka kwanza. Baba yake alimfunga kamba kwenye mti wa kakao mpaka atulie. Nami nilishika kamba. Tulimfunga miaka. Alipokuwa na kumi na nne alivuka mto kwenda Malawi, na mpaka leo sijui kama anakula." Akavuta pumzi. "Niliposikia huyu analia, nikasema safari hii nitafute dawa mapema. Ndiyo maana nilimpeleka."

Nilikuwa nimeishi kwenye boma lile miaka tisa na sikuwahi kulisikia jina la Gwakisa. Hapo nikaelewa kwa nini mume wangu alikimbilia vichanjani. Alikuwa mdogo wa Gwakisa. Kilio cha Sekela alikuwa amekisikia utotoni kikitoka kwenye mti.

Nesi Upendo aliushika mkono wa Bibi kwa mikono yake miwili. "Wakati ule hapakuwa na mtu wa kuwauliza," akasema. "Leo tupo. Nisaidie kwa huyu."

Kama kuna mtu aliyebadilika kuliko wote, ni bibi yule. Mimi nina haraka, hata nikipunguza sauti haraka yangu inaonekana kwenye mikono. Bibi hana haraka na chochote. Mpunga ulipokomaa, yeye na Sekela walikwenda pamoja kuamia ndege shambani, wakapiga madebe na kutupa udongo kutwa nzima. Sekela alipiga kelele kadiri alivyotaka na hakuna aliyemkataza. Bibi alimwona akipandisha mabega kabla yetu sote, akamwita kwa jina, akamgeuza amwone usoni, akamngoja. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Lia, mjukuu wangu. Mimi nipo hapa, wala sishiki kitu." Alionyesha viganja vyake vyote viwili, vitupu.

Na Ambakisye naye alirudi kutoka vichanjani. Hakutoa hotuba. Jioni moja kilio kilianza, nikamwona ameinuka kama kawaida yake, akafika mlangoni, akasimama. Akageuka, akaja akakaa sakafuni hatua mbili kutoka kwa mwanawe, jasho linamtoka. Alikaa mpaka mwisho. Baadaye alinieleza kuhusu kaka yake, habari ndefu, na kuna sehemu alishindwa kuimaliza.

Tulivuna. Kamati ikakaa tena. Mwalimu Zuhura alisoma daftari lake: hasira bado zinakuja, lakini zinakuja kwa nadra, na mara nyingi Sekela sasa ananyoosha mkono na kuomba kutoka nje kabla. Hakuna mtoto aliyeumizwa tangu siku ile. Baba Neema aliombwa aseme. Akajikuna kidevu, akasema kwamba hana neno, ila binti yake kila siku anamuuliza kwa nini Sekela amewekwa dawati la peke yake, na yeye hana jibu la kumpa mtoto. Wiki ile wakarudishwa dawati moja. Alama ya Neema ipo mpaka leo juu ya nyusi, na Sekela akiiona huwa anaigusa nyusi yake mwenyewe, mahali pasipo na alama.

Nywele zimeota. Zilianza kama vumbi, nikawa nazihisi kwa vidole ninapomsuka kabla ya kuziona. Makovu ya mkono yamekuwa meupe na hayaongezeki. Kitanda ni kikavu. Presha yangu imeshuka, ingawa kila Alhamisi niliyopima ilishuka kwa uvivu.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Mwezi wa tisa, joto kali na vumbi, alivunja sahani zote za Bibi kwa sababu ambayo hatujaijua mpaka leo, na nililia nikidhani tumerudi mwanzo. Nesi Upendo alisema mgonjwa wa mguu naye hujikwaa, lakini hajikwai akarudi kitandani. Kwa hiyo tuliendelea. Mwalimu Zuhura aliombewa uhamisho na ndugu zake arudi karibu na Tanga, akaahirisha, akasema anataka kwanza kuwafundisha walimu wenzake kuandika daftari. Karatasi ile sasa inajazwa kila mwaka shuleni kwetu, na safari hii mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazazi kuwaambia wasijibu kama nilivyojibu mimi.

Safari yetu ya mwisho kwenda Mbeya ilikuwa majuzi, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Daktari alimtazama Sekela, akazungumza naye bila mimi kuwemo chumbani, kisha akasema sasa tuje mara mbili tu kwa mwaka. Tulikwenda stendi tumefurahi. Nilimwonyesha basi tutakalopanda, akachagua kiti cha dirishani, tukaweka mfuko wetu. Dakika ya mwisho konda akatangaza kwamba basi lile lina hitilafu, wote tuhamie lingine, haraka, linaondoka. Watu wakasukumana. Mtu akamshika Sekela begani kwa nyuma ili apite.

Niliona midomo ikipauka. Nilimtoa nje pamoja na mfuko wetu nikawahi kumfikisha pembeni, na pale ikamshika, kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Alijitupa chini kwenye udongo wa stendi na kupiga kelele, na stendi nzima ya Mbeya ikatugeukia. Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi alisema mtoto huyo amekosa kiboko. Mwingine alisema hayo ni mapepo. Konda aliniita, "Mama, tunaondoka."

"Nendeni," nikamwambia.

Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri cha Karonga. Nilikaa chini kwenye udongo, mbele yake, mahali ambapo akifumbua macho angeniona. Sikumshika. Sikuwaeleza watu kitu. Aibu ilikuja, nikaiacha ije, ikanizunguka, ikakosa mahali pa kukaa. Basi likaondoka. Watu wakachoka kutazama, wakarudi kwenye mizigo yao. Tulikaa hivyo, sijui muda gani.

Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Sekela akainuka akakaa. Alitazama mahali lile basi lilipokuwa.

"Mama, basi limetuacha."

"Limetuacha."

Akautazama udongo kwenye kitenge changu, akaanza kuupangusa kwa kiganja, taratibu, kuanzia gotini.

"Umekaa chini," akasema.

"Nimekaa."

"Watu walikuwa wanakuona."

"Waliniona."

Akajipangusa uso uliojaa machozi na vumbi. Kisha akasimama, akashika mpini mmoja wa mfuko wetu, akaniachia mwingine.

"Lingine linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Sijui," nikamwambia. "Twende tukaulize."